Mchicha wa samadi: nipandishe bei au nipunguze fungu?

Mkulima wa Moro:
Habari za jioni wakuu. Nalima robo eka ya mchicha, figiri na karoti chini ya milima ya Uluguru. Mbolea ya dukani sigusi; natumia samadi, na wadudu nawapiga kwa maji ya mwarobaini na pilipili kichaa. Shida ni bei. Sokoni fungu la mchicha ni 300. Nikipiga hesabu ya kibarua wa palizi, viroba vya samadi na majani ninayoachia wadudu, chini ya 450 nafanya kazi ya sadaka. Niliuliza majirani 12 kama wangelipa 500. Kumi wakasema, "Hata 600 dada, afya kwanza." Jumamosi nikaweka 500. Wakanunua watatu, mmoja kwa mkopo. Nifanyeje?

Mama Genge, Dar:
Pole, usiwalaumu. Ulipowauliza, pochi ziliachwa nyumbani. Mimi nina genge mwaka wa tisa: bei ya mchicha hata mtoto aliyetumwa anaijua, ukiongeza hamsini tu anarudi kumuuliza mama yake. Karoti sivyo. Zinaliwa mbichi, na wenye watoto wadogo ndio huniuliza kama zimepigwa dawa. Faida itafute huko, mchicha uache karibu na bei ya soko. Ila kupunguza fungu kimyakimya, thubutu! Wateja wangu wanalipima kwa kiganja.

Kapu la Ijumaa, Arusha:
Naongezea. Sumu haionekani kwa macho, kwa hiyo mteja anakulipa kwa kukuamini tu. Je, mko wangapi mnaolima hivyo hapo? Undeni kikundi, mkaguane mashamba ninyi kwa ninyi. Utaratibu huo unakubalika kwa nembo ya Kilimohai, yaani alama ya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, ile iliyokuja na kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, na ni nafuu kuliko kumlipa mkaguzi wa nje. Mimi nina wateja 18 wanaolipia mwezi mzima mapema, kapu moja 8,000, mboga aina sita. Tangu nianze makapu hakuna aliyewahi kuniambia "mbona sokoni ni 300". Sokoni hakuna kapu la kulinganisha nalo.

Mkulima wa Moro:
Asanteni sana. Leo kuna dada kanirudishia fungu kwa sababu majani yana matundu. Bibi mmoja nyuma yake akalichukua, akaliinua juani, akasema, "Mdudu kala na hajafa, mimi nife kwa nini?" Akatoa 500 na chenji hakuuliza. Nimejifunza kuacha kuficha yale matundu chini ya fungu.

Karoti naanza nazo Jumamosi. Mkuu wa Arusha, hayo makapu unasambaza mwenyewe au kwa bodaboda? Maana nauli ya bodaboda kutoka huku kwangu hadi mjini inameza fungu nne nzima, na sijui niiweke ndani ya bei au mteja ailipe pembeni.