Mjane wa jumuiya yetu amekimbia daftari la michango. Kwaresima hii tumrudisheje bila kumdhalilisha?

KatibuIgoma (Mwanza)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki, hapa Mwanza, upande wa Igoma. Parokia sitaitaja, wala jina la jumuiya, maana sikuja hapa kumsema mtu. Nahitaji mawazo ya watu wanaoyajua maisha ya jumuiya.

Tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, ili watu wawahi shughuli zao. Tangu Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, tumeongeza Njia ya Msalaba ya mtaani Jumatano jioni, na Ijumaa saa kumi tunakwenda ya kanisani. Watu wanakuja kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Hata wale akina baba tunaowaona Krismasi na Pasaka tu, sasa wanapokezana kubeba msalaba.

Ila kuna mama mmoja simwoni. Ni mjane, anauza dagaa kwa kisado, anawafuata soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alfajiri. Mtoto wake mmoja ana sikoseli, kila baada ya muda mfupi wanalazwa hospitali ya Bugando. Huyu mama ndiye mwanzishaji wetu wa nyimbo. Kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na Mama yake, akianzisha yeye hata watoto waliokuwa wanasukumana nyuma wanatulia. Kwaresima hii tunaimba, lakini kila mtu na sauti yake.

Nikamfuata nyumbani. Alinipa kigoda, akaendelea kupembua dagaa kwenye ungo, mchanga akiutupa huku, waliovunjika vichwa akiwatenga kule kwa ajili ya wafuga kuku. Tukaongea ya watoto, ya mvua, ya bei. Nilipoaga ndipo akasema, "Katibu, mimi Kanisa sijaacha. Nimechoka kusomwa."

Kwa wasiojua utaratibu wetu: tukimaliza sala, mweka hazina anafungua daftari na kusoma jina kwa jina. Zaka, ujenzi wa nyumba ya mapadre, tegemeza jimbo, na sasa bahasha ya Kwaresima inayorudishwa Jumapili ya Matawi. Aliyetoa anapigiwa makofi. Asiyetoa inasomwa "bado", kisha jina linalofuata. Mama yule amesomwa "bado" mbele ya wateja wake, na mbele ya binti yake anayesoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tena kuna mtu kamwambia binti kwamba mama asipokamilisha michango hapati barua ya jumuiya, na bila barua hakuna Komunyo.

Injili ya Majivu tuliisikia sote, Mathayo sura ya sita: utoapo sadaka usipige panda mbele yako, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Tumepakwa majivu tukiwa tumetoka kuisikia hiyo, na Jumamosi iliyofuata tukapiga makofi kama kawaida. Limenikaa moyoni hilo, silali vizuri.

Naomba kujua: ni kweli binti anaweza kunyimwa Komunyo kwa sababu hiyo? Na tukitaka kumsaidia mama, tupitie mlango gani? Ana heshima yake, akisikia jumuiya imemchangia atahama mtaa. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema na anaamini kabisa kwamba pasipo kusoma majina watu hawatoi. Nizungumze naye vipi?

---

MwekaHazina_Dom (Dodoma)

Milele na milele, amina.

Dada katibu, pole. Naomba nilitetee daftari kidogo, maana mimi ndiye ninayelishika kwetu.

Zamani mapadre wa nje walikuwa wakiandika barua kwao na fedha zinakuja. Siku hizi umeme wa kanisa, posho ya katekista, mafuta ya pikipiki ya kwenda vigangoni, yale makanisa madogo ya parokia, hosti na divai, vyote ni sisi. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa mwamini, si hisani. Na hesabu isiyosomwa huzaa maneno. Nimeshuhudia jumuiya ikigawanyika vipande viwili kwa sababu mweka hazina alikuwa msiri, na kumbe hakuiba hata shilingi.

Kwa hiyo soma jumla: zaka ya mwezi huu kiasi hiki, ujenzi kiasi hiki, tumepeleka parokiani, risiti hii hapa ipitishwe mkono kwa mkono. Ukurasa wa mtu mmoja mmoja auone mwenyewe akitaka. Makofi na hiyo "bado" viondoeni, havimo kwenye hesabu yoyote ninayoijua.

Ila nakuomba sana, msimfute mama huyo daftarini kwa kumhurumia. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili na Bwana hakumwambia azirudishe. Maskini ana haki ya kutoa chake. Mkimwambia "wewe usijali, tumekusamehe", mtakuwa mmemtoa nje kwa mlango mwingine.

---

KatekistaMstaafu (Rombo)

Binti yangu katibu, nimesoma ulichoandika mara mbili.

Nianze na mtoto, maana huyo ndiye asiyeweza kungoja. Kanuni ya 843 ya Sheria za Kanisa inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walioandaliwa inavyotakiwa, na wasiozuiwa na sheria. Ya 848 inakwenda mbele zaidi: mhudumu asidai chochote nje ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na aangalie siku zote wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Hata maziko yametajwa, kanuni ya 1181, maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Sasa kama kuna mtu anamtisha mtoto kwa habari ya fedha, hasemi kwa niaba ya Kanisa. Usibishane naye kwenye kundi la WhatsApp. Nenda kwa mwalimu wa mafundisho, kisha kwa paroko, ofisini, saa za ofisi, na umweleze kama ulivyotueleza. Nimefanya kazi na maparoko wengi, na mambo kama haya mara nyingi hayawafikii kabisa. Yanaishia kwetu huku chini.

Barua ya jumuiya kazi yake ni kushuhudia kwamba familia hii tunaifahamu, inasali nasi, na mtoto anahudhuria. Hilo wewe katibu unaweza kulishuhudia leo hii.

Kuhusu wajane, hamkuanza ninyi. Someni pamoja Matendo ya Mitume sura ya sita Jumamosi ijayo. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa, na manung'uniko yaliyoandikwa pale yalihusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema, kisha wakawawekea mikono. Jumuiya zetu hizi maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizichagua Nairobi, mwaka 1973 na tena 1976, ili Kanisa lishuke mpaka mahali watu wanapofahamiana kwa majina. Mwaka 1976 hapakuwa na simu ya mkononi. Habari ya mgonjwa ilikuja kwa miguu, na watu walikwenda. Sasa sisi tunafahamiana kwa majina ili tuyasome.

Jinsi ya kumwendea. Jana, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tumesoma mwanamke Msamaria kisimani. Angalieni Bwana alivyoanza. Mwanamke yule alikuwa na mengi ya kusaidiwa, lakini neno la kwanza la Bwana lilikuwa "Nipe maji ninywe". Alianza kwa kumwomba. Nanyi muombeni huyo mama kitu alicho nacho na ninyi hamna, yaani sauti. Nenda na mwimbaji mmoja, mwambieni Njia ya Msalaba imeharibika bila yeye, na mseme kweli kwa sababu ni kweli. Habari ya msaada msiiguse siku hiyo.

Msaada upite pembeni. Kwetu huku Kwaresima tunaweka kapu nyumbani kwa bibi mmoja, kila nyumba inapeleka kikombe cha mahindi au maharage kadiri ilivyojinyima. Akina mama wawili wanajua linakokwenda, basi. Linabebwa jioni kama mtu anayempelekea jirani mboga. Na fedha si kila kitu. Mtoto akilazwa Bugando, nani anakaa naye ili mama aende sokoni? Pangeni zamu. Kukaa wodini na mtoto wa mwenzako usiku mzima ni mfungo mzuri kuliko kuacha soda. Isaya 58 tuliisoma Ijumaa ile baada ya Majivu, mnaikumbuka.

---

OmieraWaKisumu (Kisumu)

Habari zenu ndugu na dada. Sisi huku Kenya kila Kwaresima maaskofu hutoa kitabu cha Kampeni ya Kwaresima, kila wiki mada moja. Jumuiya inasoma kisa, inajadili tunaona nini, tunaamua nini, tutafanya nini. Kitu kimoja kimetusaidia sana: hatufungi kikao kabla ya kuandika tendo moja la wiki hiyo, na wiki inayofuata swali la kwanza ni kama lilifanyika. Bahasha zetu za Kampeni hazina jina. Unaingiza kwenye kikapu, imekwisha.

Huyo mama akikosa, nani alimtembelea kabla ya katibu? Hilo ndilo ningeuliza kwa jumuiya, kwa upole.

---

MchuuziMwaloni (Mwanza)

Shikamoo katekista. Dada katibu, mimi niko hapahapa Kirumba, na kuna kitu hamjakiona.

Dagaa huvuliwa gizani. Mitumbwi inatoka usiku usio na mwezi, inawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanapaki, wanashona nyavu. Kila mwezi ni hivyo: siku za giza kuna fedha, siku za mbalamwezi hakuna.

Sasa Pasaka imepangwa kwa mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira yale, kwa hiyo Juma Kuu kila mwaka linaangukia kwenye mbalamwezi au karibu yake. Mwaka huu mwezi mpevu ni tarehe 2 Aprili, Alhamisi Kuu yenyewe. Na Majivu yanaangukia karibu na mwezi mwandamo, ndiyo maana mwaka huu tumeanza karibu pamoja na ndugu zetu Waislamu na Ramadhani yao. Kwa hiyo bahasha tunazigawa wakati mwaloni umejaa dagaa, na tunazidai mwezi unapoelekea kujaa na mitumbwi iko kwenye mchanga. Ongeza mvua za Machi: dagaa wakinyeshewa kwenye mchanga wanaoza, unauza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama yule anaweza kuwa na kitu kabisa, isipokuwa si siku mnayomsoma.

Giza linaanza juma hili, litatufikisha mpaka tarehe 24 au 25. Kama anataka kutoa chake, atoe sasa, kidogo kidogo, na mweka hazina apokee bila kungoja Matawi. Mfanyakazi wa ofisini ana mwisho wa mwezi wake. Sisi wa dagaa tuna mwezi wa angani.

---

KatibuIgoma (Mwanza)

Shikamoo katekista, na asanteni wote. Mungu awabariki.

Habari ya mbalamwezi ndiyo iliyomgeuza mwenyekiti. Nilipomwambia ya Mathayo sita alisema anaijua. Ya kanuni alisikiliza. Nilipofika kwenye giza na mwezi mpevu akanyamaza, kisha akaniambia marehemu baba yake alikuwa mvuvi Ukerewe, na kwamba yeye mwenyewe karo ya shule ilikuwa inalipwa gizani. Akamwita mweka hazina palepale.

Jumamosi hii hesabu imesomwa kwa jumla tu, na risiti ya parokia imezunguka. Wawili walilalamika, mmoja kwa sauti kubwa: yeye ametoa vyote na anataka ijulikane. Kaka wa Dodoma, mtu wa namna hiyo mnamjibu nini? Tunamhitaji, mchango wake ni mkubwa kweli.

Paroko nimemwona. Hakuwa na habari. Amesema binti aendelee na mafundisho na barua niiandike mimi, na nimeiandika.

Kwa mama nilikwenda na mwimbaji wa sauti ya pili. Hakutuahidi. Alisema mtoto bado anaumwa, ila akauliza tunatumia wimbo gani kituo cha nne siku hizi, na tulipomwambia akasema huo haufai pale, ni wa kituo cha kumi na mbili. Zamu ya wodini tumeipanga kupitia WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, yangu ni usiku wa Jumanne. Kapu tumeliweka kwa bibi mmoja karibu na kisima.

Mchuuzi, nitakutafuta hapo Mwaloni. Nataka uniorodheshee siku za giza hadi Desemba, tuzibandike kwenye daftari.