Mrejesho: mashine ya klorini ya bwawa la chumvi

Wakuu, niliwauliza kwa nini mashine ya klorini ya bwawa letu la wageni hapa Nungwi inaonyesha chumvi pungufu ilhali tumeshamwaga mifuko. Ahsanteni sana, imepona.

Tulianza kupima maji kama mlivyosema: chumvi gramu 3.4 kwa lita, iko sawa kabisa. Tukafungua seli, yaani kile kifaa cha mashine ambamo umeme hugeuza chumvi ya maji kuwa klorini. Katikati ya vibati vya titani kulikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, mgumu, umeziba karibu nafasi zote, ndiyo maana mashine ikasoma chumvi pungufu. Maji yetu ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, chokaa haikosi. Fundi akachanganya asidi ya hidrokloriki, sehemu moja kwa kumi za maji (asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume), akailoweka seli mpaka mapovu yakaisha. Bisibisi hakugusa, utando wa rutheni (metali inayofunika vile vibati) ukichubuka, seli ndiyo basi tena.

Sasa pH (kipimo cha uasidi wa maji) tunaishikilia kati ya 7.2 na 7.6, maana ikipanda chokaa hurudi upesi.

Na yule ndugu mwenye tatizo kama langu: usiongeze chumvi kabla ya kuitazama seli.