Wakili wa kampuni anataka nisaini maelezo Ijumaa. Nifanyeje?

MtuWaMikindani:
Ndugu zangu, naomba ushauri, hasa kwa mawakili mlio humu. Mimi ni msimamizi wa mauzo, kanda ya Pwani, katika kampuni ya vifaa vya ujenzi ambayo sitaitaja. Wiki mbili zilizopita maofisa wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya walitufikia asubuhi, wakanakili data za kompyuta, wakaondoka na simu yangu ya kazi. Wanachunguza kama tulipanga bei na washindani wetu.

Ukweli ni huu. Kuna grupu la WhatsApp la wasimamizi wa mauzo wa kampuni nne. Bosi wangu ndiye aliyeniagiza nijiunge. Mwaka jana mmoja aliandika: "Kuanzia Jumatatu tusishuke chini ya pale tulipoongea." Nikajibu "sawa". Neno moja tu.

Sasa wakili wa kampuni ananiita Ijumaa nieleze yote, nisaini. Naambiwa huyo ni wakili wetu sote. Usingizi umenipotea, nina watoto watatu. Naweza kufungwa? Na grupu bado liko kwenye simu yangu binafsi, nilifute?

TumboJoto:
Lifute leo leo. Bila ushahidi hakuna kesi.

WakiliMkongwe:
Usifute, nakusihi! Ujumbe huo uko kwenye simu za wenzako wote. Ukifuta, utabaki na kosa jipya: kuharibu ushahidi, kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu.

Kuhusu kufungwa, kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinaruhusu kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Kesi moja inayojulikana ilihusu faini za kampuni: Agosti 2023 kampuni tisa za chuma zilitozwa jumla ya shilingi milioni 338.8. Lakini usijiegemeze hapo, maana sheria inamgusa mtu pia.

Jambo kubwa ni hiyo Ijumaa. Mteja wa wakili yule ni kampuni. Siri ya mazungumzo yenu ni mali ya kampuni, na ikitaka itaitoa. Kesho wakurugenzi wakiamua kuomba nafuu, yaani kampuni ikiri na kusaidia uchunguzi ili ipunguziwe adhabu, chini ya kifungu cha 89A cha Sheria hiyo ya Ushindani, watapeleka maelezo yako kwa Mamlaka, na wewe utaachwa kwenye mataa. Usikatae kuhojiwa, maana hilo linaweza kukuponza kazini. Omba kwa barua usogezewe siku ili uwe na wakili wako mwenyewe.

BintiWaLamu:
Niko Houston, nafanya kazi ofisi ya mawakili. Huku wakili mwangalifu wa kampuni huanza kwa kukutamkia kwamba yeye si wakili wako. Onyo hilo limebeba jina la Upjohn, kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981. Na huku kupanga bei ni hadi miaka 10 jela. Kaka, kama hukutamkiwa, muulize mbele ya shahidi: "Wewe ni wakili wangu au wa kampuni?"

FundiMabati:
Nakuonea huruma, lakini sisi wanunuzi nasi tuliumia. Bei zilipanda kwa pamoja, nikamaliza nyumba ya mjane kwa hasara. Sema kweli yote.

WakiliMkongwe:
Fundi ana haki. Ila bei kupanda kwa pamoja peke yake si ushahidi wa makubaliano. Huenda malighafi au dola ilipanda. Kinachoumiza ni lile "sawa". Kwa hiyo MtuWaMikindani, andaa kalenda: nani aliandika nini, tarehe gani, bei ya kampuni ilipangwa lini na nani, na baada ya ujumbe ule uliuza kwa bei gani. Tafuta ankara. Na agizo la bosi, kama liko kwa maandishi, lihifadhi. Usiwapigie wenzako wa grupu kulinganisha maelezo.

MtuWaMikindani:
Asanteni sana. Nimepata wakili hapa Mombasa, tunaonana Alhamisi. Kampuni imekubali kusogeza hadi Jumatano ijayo, japo bosi hanisalimii tena. Nimepata ankara mbili za duka moja la Ukunda: wiki ile ile niliwauzia chini ya bei ya grupu. Agizo la kujiunga na grupu bosi alinipa kwa mdomo, ila karani wetu alikuwepo.

WakiliMkongwe:
Hizo ankara mpe wakili wako mkononi. Jina la karani pia, lakini karani mwenyewe usizungumze naye kuhusu jambo hili.