Mrejesho: Barua pepe zilizonizidi kazini

Wakuu, shukrani sana. Mimi ni meneja wa kiwanda cha mbao, na niliwauliza nifanyeje barua pepe zinaponifurikia kuanzia asubuhi hadi usiku. Huu ndio mrejesho kutoka Mafinga.

Ushauri wenu wa kutenganisha barua za nakala (cc) umefanya kazi. Kwenye Gmail nimeweka kichujio cha cc:me, kwa hiyo barua ninazopewa nakala tu haziingii kikashani, zinakwenda kwenye lebo yake. Nazipitia jioni.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni makubaliano na wenzangu ofisini. Anayetaka uamuzi anaandika kwenye kichwa cha barua: "UAMUZI: bei ya mbao 2x4, mwisho Alhamisi." Gari likikwama getini kwa kukosa kibali cha kusafirisha, napigiwa simu palepale. Mhasibu wetu alikuwa ananitumia kila risiti. Sasa anatuma muhtasari mmoja Ijumaa, na yeye mwenyewe amepumua. Kwa kweli hilo limenifurahisha kuliko kikasha kupungua, maana kumbe na wao walikuwa wamechoka.

Makao makuu Dar bado wanapenda "jibu wote" (reply all), yaani kila jibu linakwenda kwa wote. Mwenye njia ya kuwaeleza wakubwa bila kuwakwaza anisaidie.