Kupiga picha za maua nyumbani kwa simu ya kawaida: nianzie wapi?

Furaha wa Himbi (Goma)
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninatamani kujifunza kupiga picha za maua, lakini sina kamera; nina simu ya kawaida na bustani ndogo yenye mayungiyungi meupe na mawaridi machache. Nikipiga mchana, yungiyungi huwa doa jeupe lisilo na mstari wowote, na nyuma yake huonekana kamba ya nguo na mabati ya jirani. Je, kuna majaribio ya gharama ndogo ninayoweza kuyafanya ndani ya nyumba, au niweke akiba ya kamera kwanza?

Jirani wa Ndosho (Goma)
Kamera iache kwanza, dada Furaha. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefariki mwaka 1932, alipata sifa kwa picha za mimea alizozipiga kwa kamera alizojitengenezea mwenyewe, akiweka nyuma ya mmea karatasi tupu.

Kinachokusumbua ni jua, ambalo hapa karibu na ikweta hukaa utosini saa sita na kuchapa petali bila huruma. Kata ua moja asubuhi, ulilete kando ya dirisha lililofunikwa kwa pazia jepesi jeupe au chandarua kilichokunjwa, kisha upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Kwa nyuma, tumia jiwe la volkano, ambalo katika mji huu halikosekani uani (volkano yetu, Nyiragongo, haijawahi kututoza senti): ni jeusi, halimetimeti, na yungiyungi hujitokeza mbele yake kuliko mbele ya kitambaa chochote nilichojaribu. Ila simu ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, nayo huongeza mwanga hadi petali zipoteze mistari yake. Gusa petali kwenye kioo, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha teremsha mwanga taratibu.

Mzee wa Nguba (Bukavu)
Nakubaliana na jirani yako, isipokuwa kwa chandarua. Mimi napendelea pazia. Ukishauzoea mwanga wa dirishani, jaribu tone la maji. Changanya maji na gliserini ya duka la dawa, ili tone lisikauke upesi, ulidondoshe kwa bomba la sindano kwenye ncha ya jani, na nyuma yake, umbali wa sentimita chache, uweke waridi. Tone hufanya kazi ya lenzi, hivyo waridi zima litaonekana ndani yake likiwa kichwa chini. Ukitaka lisimame wima, ligeuze. Kitenge chenye maua makubwa nacho hufaa sana, na hakinyauki.

Furaha wa Himbi
Asanteni sana. Nimejaribu tone, lakini nikisogea karibu picha hufifia yote.

Mzee wa Nguba
Simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana, binti yangu. Bandika mbele ya lenzi yake kioo cha kukuzia, hata kile cha miwani ya kusomea iliyovunjika. Sehemu itakayoonekana wazi itakuwa nyembamba mno, pengine milimita chache tu. Kwa hiyo egemeza simu kwenye vitabu, usogeze vitabu vyenyewe badala ya mkono, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.