Nauza mbegu lakini mdomo mzito: nisome kitabu gani?

Mbegu_Moro:
Habari zenu wakuu. Nina miezi saba nazungusha mbegu za mahindi na mboga kwenye maduka ya pembejeo, njia ya Mikumi hadi Ifakara. Mbegu nazijua, nimesomea kilimo. Shida ni mdomo. Wiki jana pale Mang'ula mama mwenye duka alikuwa anapima mbolea kwa kilo, mimi nimesimama na katalogi naeleza uotaji na siku za kukomaa. Hakuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Acha karatasi hapo." Bosi ananiambia nitafute koneksheni, haniambii kwa vipi. Naombeni vitabu vilivyowasaidia kweli. Kiingereza nasoma bila shida.

Dada_wa_Dawa:
Pole mdogo wangu. Nimezunguka na dawa za binadamu miaka kumi na tisa, hayo nayajua. Anza na Dale Carnegie, *How to Win Friends and Influence People*. Ni cha 1936, mifano yake ya Marekani ya zamani mingine iruke. Usiruke alipoandika kuhusu kusikiliza na kukumbuka jina la mtu. Nilipokimaliza nilinunua kaunta buku, kila duka na ukurasa wake: jina la mwenye duka, jina la msaidizi, dawa iliyolala kwenye rafu, mtoto ana mtihani lini. Kabla sijaingia dukani nasoma ukurasa huo. Sasa niko kaunta buku ya sita.

Huyo mama hukumwuliza hata swali moja. Wakulima wake walilalamikia mbegu gani msimu uliopita? Na ukimkuta anapima, weka katalogi chini, mshikie mdomo wa mfuko amimine. Maongezi yatakuja yenyewe.

Cha pili ni *Influence* cha Robert Cialdini, 1984. Anaeleza jinsi mtu akipewa kitu anavyojisikia ana deni. Sampuli toa, lakini usimfunge mtu kwa zawadi ili auze kisichomfaa mkulima. Hilo naliomba kwa dhati.

Mtakwimu_Dom:
Kuhusu koneksheni: wengi wakisikia neno hilo wanawaza mjomba aliye wizarani. Tafuta makala ya mwanasosholojia Mark Granovetter, "The Strength of Weak Ties", ya 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara nyingi ni asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Rafiki wa kila siku anajua unayoyajua wewe. Dereva wa lori la mbolea, bwana shamba wa kata ya pili, mliyesoma naye mkapotezana, hao ndio wana habari ambazo hazijakufikia. Kazi niliyonayo nilitajiwa na mtu tuliyekaa siti moja kwenye basi.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, na nyumbani tunacho: *Kusadikika* cha Shaaban Robert, 1951. Wengi tulikisoma kwa ajili ya mtihani tukakiacha. Kirudie. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, naye harushi matusi. Anasimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa pande sita, wakarudi na manufaa, wakaambulia kifungo. Baraza lililokuja kumwona akihukumiwa linajikuta linamsikiliza. Wewe ulimpa yule mama uotaji kwa asilimia. Mpe habari ya mkulima mmoja wa Kidatu: alipanda lini, mvua ilikatika wapi, alivuna magunia mangapi. Kama humjui mkulima huyo, nenda kamtafute kwanza, usimtunge.

Mbegu_Moro:
Shikamoo mwalimu, asante dada, asanteni wote. Leo nimepita tena Mang'ula. Katalogi imebaki kwenye pikipiki. Nimeshika mfuko, akamimina kilo kumi, ndipo nikamwuliza mbegu gani ilirudishwa. Ameongea karibu nusu saa kuhusu nyanya zilizonyauka kabla ya kuzaa, na wateja watatu waliomfuata dukani na miche mkononi. Hajanunua kitu. Amenielekeza kwa mdogo wake mwenye duka Ifakara, akasema nimwambie nimetumwa na yeye. Kaunta buku nimenunua hapohapo jirani, jina lake liko ukurasa wa kwanza.