Tupeane uzoefu: kabati la kwenye boksi lililokutoa jasho

NuruYaUsiku (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naandika nimekaa sakafuni, mbele yangu kabati la nguo la milango miwili, lile la kuunga mwenyewe. Nimeanza saa tatu asubuhi na sasa ni usiku. Limesimama, hakuna skrubu iliyobaki, ila milango imekataa kulingana. Wa kushoto umepanda kama milimita sita kuliko mwenzake, na nikiifunga inagongana katikati. Nimezungusha skrubu za bawaba mpaka kiganja kimetoka lengelenge. Kabla sijalibomoa lote, aliyewahi kupitia haya aniambie. Na nyie wengine mwageni yenu: kabati, rafu, droo, chochote kilichoingia nyumbani kimelala kwenye boksi.

Kijasho
Pole mkuu. Yangu ilikuwa rafu ya vitabu. Ubavu wa kushoto na wa kulia ukiviangalia haraka unaona ni kitu kimoja, kumbe mmoja una mashimo mawili ya ziada. Nilivigeuza hatua ya 4. Hatua ya 19 ndipo nikaona ule ukingo mbichi, wa chenga za mbao bila rangi, unanitazama mimi badala ya kutazama ukuta. Nilifungua hatua zote kumi na tano kurudi nyuma, usiku, peke yangu.

MamaPacha
Ya Kijasho imenikuta vilevile.

KipimoKwanza
Uzi huu umenikumbusha siku ambayo sitaisahau. Mimi na mdogo wangu tuliunga kabati refu, sentimita 236 kwenda juu na 58 kwenda ndani. Dari yetu ni sentimita 240. Tulipima mara mbili, tukaona kuna nafasi ya sentimita nne, tukafurahi. Tukaliunga limelala kifudifudi kama kijitabu kinavyoonyesha. Kazi ya saa sita. Tulipomaliza mgongo, mdogo wangu akashika juu, mimi chini, tukaanza kulinyanyua.

Lilifika kama robo tatu ya njia, kona ya nyuma ikagusa dari. Nikasema labda tumelikamata vibaya. Tukarudisha chini, tukajaribu tena. Likakwaruza dari, unga wa chokaa ukatuingia machoni, likakwama pale pale. Mikono inatetemeka, kabati lina uzito wa watu wawili, na hakuna pa kuliegemeza. Nilimwambia mdogo wangu ajitoe chini yake. Akagoma kuniacha.

Tulipolilaza ndipo nilikaa na kalamu. Kabati linapoinuka kutoka sakafuni halipiti kwa urefu wake, linapita kwa ule mstari wa mshazari, kona hadi kona ya ubavu. Zidisha 236 kwa 236, zidisha 58 kwa 58, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: unapata sentimita 243. Dari yangu 240. Lisingesimama hata tungekuwa kumi.

Tulilifungua lote, tukaliunga upya likiwa wima, mmoja kashika ubavu, mwingine juu ya stuli. Mpaka leo nikiingia chumba chochote macho yanakwenda darini kwanza.

Zawadi_T
Duh. Hiyo hesabu naihifadhi.

MkonoMwepesi
Tumia drili tu wakuu, mnajitesa. Kabati zima saa moja na nusu.

BintiSeremala
MkonoMwepesi, samahani, hapo unapoteza watu. Ile si mbao, ni chenga zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikizidi robo mzunguko inasaga shimo na haishiki tena. Baba yangu alikuwa akiletewa kabati za namna hiyo kila wiki kurekebisha, na nyingi zilikuwa zimeuliwa na drili. Kaza kwa mkono. Utasikia kabisa mahali inapokaza, mkono unakuambia.

MkonoMwepesi
Drili ina kizuizi cha nguvu, unaiweka namba ndogo. Nimeunga zaidi ya kabati ishirini hivyo, hakuna hata moja lililolegea. Tatizo ni watu wasiojua chombo chao.

BintiSeremala
Wasiojua ndio wengi, na ndio wanaosoma uzi huu.

MkonoMwepesi
Sawa, hapo nimekuelewa.

Kijasho
Shimo likishasagika je? Nina droo yenye mashimo mawili ya hivyo.

BintiSeremala
Chomeka njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao mpaka shimo lijae, kata zinazozidi, liache likauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu taratibu. Na uangalie bisibisi yako. Hizi za nyota ziko aina mbili. Tazama kichwa cha skrubu: ukiona vistari vinne vidogo katikati ya mikono ya msalaba, hiyo inataka bisibisi ya Pozidriv, mara nyingi namba 2. Ukitumia ya nyota ya kawaida inaruka na kula kichwa, halafu unadhani skrubu ni mbovu. Skrubu nyingi za samani hizi zinazotoka Ulaya ni za namna hiyo.

Zawadi_T
Kumbe! Miaka yote nalaumu skrubu.

Mchongo32
Na zile kufuli za duara za kubania ubao kwa ubao jamani, zenye mshale. Mshale lazima uelekee kwenye tundu ambalo pini inaingilia, ndipo mdomo wa kufuli umeze kichwa cha pini. Unazungusha karibu nusu mzunguko, basi. Ikizunguka bila kukaza, usiilazimishe. Toa ubao uangalie pini, utakuta imezama sana au haijazama vya kutosha. Kola ya pini, yaani ule ukingo wake mpana, inatakiwa iguse uso wa ubao. Watu wengi wanavunja kufuli kwa hasira wakati kosa liko kwenye pini.

Jina langu nimelitoa humo humo. Ile mistari ya mashimo ndani ya kabati ina shimo la milimita 5, na kutoka shimo hadi shimo ni milimita 32. Viwanda vingi vinafuata kipimo hicho, ndiyo maana bawaba au reli ya droo ya kiwanda kingine mara nyingi inakaa pale pale. Mimi huwa naona ni kitu kizuri sana, watu wasiojuana kukubaliana juu ya shimo.

Pembeni
Tieni gundi kwenye vile vijiti vya mbao. Kabati linakuwa jiwe.

MamaPacha
Usitie! Mimi nimehama mara tatu. Kabati lenye gundi halifunguki, unalivunja.

Pembeni
Lisilo na gundi ukilihamisha mara tatu linayumba. Bora moja imara.

ShangaziWaPili
Nilikuwa nasoma tu. Nitaandika ingawa mikono inakuwa mizito.

Lilikuwa kabati la droo sita. Tuliliunga mimi na mume wangu jioni moja, likakaa vizuri, nikalifuta, nikatia nguo za mtoto. Kwenye mfuko wa skrubu kulibaki kipande cha chuma na kamba fupi ngumu, na ukurasa wa mwisho ulionyesha kabati limefungwa ukutani. Tukasema hiyo tutafanya wikiendi, kwa sababu skrubu ya ukutani haikuwemo na drili tuliazimisha. Wikiendi ikapita. Zikapita nyingi.

Mwanangu alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Niko jikoni nasikia droo zinafunguliwa, moja, mbili, tatu. Nilijua anatafuta soksi, anapenda kuvaa soksi mikononi. Kisha nikasikia kishindo ambacho sina neno lake. Halafu kimya.

Kabati lilikuwa limelala. Kilichomwokoa ni kiti cha mbao kilichokuwa karibu, ukingo wa juu ulitua juu yake na kuacha nafasi kama ya mto wa kulalia. Alikuwa humo, ameshika soksi moja, macho wazi, hajalia bado. Alianza kulia nilipomvuta. Aliumia vidole viwili, vikapona. Kile kiti tulikihamishia pale siku moja kabla, kufagia.

Kile kipande cha chuma nilikikuta kwenye droo ya jikoni, bado kwenye mfuko wake.

Kijasho
Mungu ni mwema. Nimesimama kwenda kuangalia la kwangu.

KipimoKwanza
Pole sana dada. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua.

Kibao_Cha_Tano
Pole, lakini tusitishane. Nina kabati la droo miaka kumi halijafungwa popote na halijatikisika. Mtoto anahitaji mwangalizi.

MamaPacha
Kibao, acha hayo. Mwenzio alikuwa hatua kumi kutoka kwa mwanawe. Utamwangalia mtoto kila sekunde ya maisha yake?

Mchongo32
Tena si la mtu mmoja. Mwaka 2016 IKEA, kampuni ya samani, ilitangaza kuwa wateja wa Marekani warudishe makabati ya droo milioni 29, baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Desemba 2022 huko huko ikapitishwa sheria, na tangu Septemba 2023 kabati la nguo linajaribiwa kwa kufungua droo zikiwa na mzigo, kulisimamisha kama lililo juu ya zulia, na kuliwekea uzito kama wa mtoto wa kilo 27. Droo zikifunguka, uzito wote unahamia mbele. La kwako halijaanguka kwa sababu hakuna aliyelipanda.

Kibao_Cha_Tano
Nimeelewa. Shangazi, niwie radhi, nimeongea vibaya.

ShangaziWaPili
Yameisha mkuu.

BintiSeremala
Mleta mada tumemsahau. Nuru, bawaba ziache. Chukua futi, pima mgongo wa kabati kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ile nyingine. Vipimo viwili visipolingana, kabati limepinda, na milango inafuata mwili. Ule ubao mwembamba wa nyuma ndio unaolishika mraba. Ulipigiliwa likiwa limepinda, basi linabaki hivyo.

NuruYaUsiku (mleta mada)
Nimerudi. Tofauti ilikuwa milimita 11! Nimeng'oa misumari ya pande tatu za mgongo, nikasukuma kona ya juu kwa bega huku dada yangu anasoma futi, tukafika tofauti ya milimita 1, nikapigilia upya. Milango imekutana. Ule mstari katikati umenyooka kuanzia juu hadi chini, nimeufunga na kuufungua mara nyingi tu kuutazama.

Kamba ya ukutani ipo kwenye mfuko. Ukuta ni wa tofali, fisha (vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) na skrubu ninazo, ila majirani wamelala, siwezi kutoboa saa hizi.

ShangaziWaPili
Usiku huu watoto wasilale chumba hicho.

NuruYaUsiku (mleta mada)
Nimeshafunga mlango, ufunguo ninao mfukoni.